Saa ya Garimoshi, Saa ya Maji

Panama, 4 Mei 1874

Leo mvua ya kwanza imenyesha na mimi nimeanza kuandika. Daftari hili alilinunua marehemu mume wangu Leandro, homa ikamchukua kabla hajaandika hata herufi. Basi nitaliandika mimi, maana nikiyameza yote haya nitapasuka.

Bwana Haldane amekuja na garimoshi la asubuhi kutoka Colón, pwani ya pili ya nchi. Ndiye mkuu wetu wa barua, Mskoti mrefu asiyejua kucheka. Nilidhani amekuja kunipa pole. Pole alinipa, maneno manne, kisha akauliza funguo za ghala ziko wapi. Nikamwambia ziko kiunoni mwangu, na ndipo zilipo tangu mume wangu alipolala kitandani.

"Nani alipakia barua za Machi?"

"Mimi."

"Na za Aprili?"

"Mimi, Bwana. Siku ya tatu baada ya mazishi."

Akavuta kiti, akapekua vitabu vyangu ukurasa kwa ukurasa akitafuta kosa. Mimi nimesimama pale, mikono kiunoni, najisemea tafuta baba, tafuta mpaka macho yakutoke. Hakupata. Akafunga kitabu.

"Vizuri, bibi. Nakuachia kazi mpaka mwisho wa Novemba. Lakini nisikilize. Siku meli ya kusini itakapoondoka bila barua zake, au siku mfuko mmoja utakapopotea mikononi mwako, nafasi nampa karani wangu wa Colón. Mfuko mmoja tu."

"Na nisipopoteza?"

"Utakuwa Wakala wa Barua wa Panama, kwa jina lako."

Jina langu! Genoveva Urriola, binti wa mfua nguo wa Arrabal, mtaa wa maskini nje ya kuta! Nimerudi nyumbani nikicheka peke yangu njiani, watu wakadhani ujane umenipanda kichwani.

9 Mei

Mvua. Hakuna kinachokauka, hata chumvi.

21 Mei

Siku ya barua! Napenda siku hizi mpaka naona aibu kusema. Meli ya Uingereza imetia nanga Colón jana, na leo tangu alfajiri waya wa telegrafu unagonga tu: Crosbie upande wa pili. Huyu Crosbie ni Mjamaika, mpiga telegrafu huko Colón. Miaka sita tunazungumza na sijawahi kumwona uso.

"Garimoshi limetoka, mama. Mifuko sabini na mmoja. Dereva hajanywa kitu, nimemnusa mwenyewe."

"Umemnusa kwa pua gani, ile yenye mafua?"

"Hiyo hiyo. Kwa hiyo usinihukumu."

Baada ya saa nne hivi, filimbi. Nikahesabu mifuko ikishuka behewani: Guayaquil, Paita, Callao, Valparaíso. Karatasi iliyoandikwa London wiki tatu zilizopita, ikavuka bahari nzima, ikavuka msitu, na sasa iko mikononi mwangu, na kuna mtu Valparaíso ameketi dirishani hajui inakuja. Mwili wote unanisisimka. Kisha mikokoteni mpaka gatini, kisha mashua za mzee Eustaquio mpaka kwenye meli ya kusini, ambayo hutia nanga mbali, karibu na visiwa.

Kazi yote iko kwenye maji. Bahari yetu ina vituko. Siku za maji mafu hupanda na kushuka kidogo, mtu hajali. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mchanga, hujaa mpaka kuta za mji, kisha hupwa na kwenda zake kabisa, na mbele ya gati hubaki nusu maili ya tope na mwamba, mashua zimelala ubavu. Ndiyo maana Leandro kila mara alifungua kitabu cha mwezi kwanza, akawaambia Colón garimoshi litoke saa ngapi ili likute maji. Sasa nawaambia mimi. Ng'ambo ya Colón bahari hupanda shubiri moja na kushuka shubiri moja, basi. Watu wa kule hawajui kabisa maji kupwa ni kitu gani.

13 Juni

Mvua. Eustaquio anaumwa jino. Analalamika kuliko mwanamke wa uzazi.

2 Julai

Weee! Leo nimezeeka miaka kumi na nimefurahi mno. Mto Chagres umefurika usiku, ukala tuta la reli karibu na Gorgona. Crosbie akagonga: "Mama, garimoshi limesimama upande huu wa shimo." Nikamgongea: "Na upande wangu kuna kichwa cha garimoshi hakina kazi." Naye: "Unafikiri ninachofikiri?" Wakavusha mifuko kwa mikono juu ya mbao, mmoja mmoja, mto unanguruma chini. Nikatuma kichwa na mabehewa mawili yakapokee. Imefika yote, sitini na minane, maji yakiwa bado ya kutosha. Eustaquio alipoondoa mashua ya mwisho nilipiga kelele gatini mpaka askari wa forodha wakatoka nje kuangalia nani ameuawa.

30 Julai

Nimegombana na Sinforosa, ña Sinforosa kama sote tunavyomwita kwa heshima. Huyu ni mkuu wa wanawake wa chaza, wale wanaoingia bahari ikipwa na kurudi na makapu kichwani. Siku zote wamekuwa wakiuza kwenye baraza la stesheni, kivulini. Leo abiria wa daraja la kwanza amelalamikia harufu, nikaenda kuwaondoa.

"Harufu?" Sinforosa akaniambia. "Jana ulikula supu yangu ukalamba kijiko, leo nanuka?"

"Kazi ni kazi, ña Sinforosa."

"Kazi! Mama yako alifua nguo za mama yangu, na mama yangu hakumfukuza mtu."

Mbele za watu! Nikamwambia achukue makapu yake. Amekwenda kukaa juani upande wa pili wa njia, na kila nikipita ananuna. Na anune. Mwanamke mwenye kiburi kama yule sijamwona.

19 Agosti

Barua zimekwenda. Mifuko sitini na mitatu. Mbu.

12 Septemba

Loh! Nashika kalamu kwa hasira.

Bwana Haldane ameleta ratiba mpya. Kuanzia Oktoba barua zitakuja mara tatu kwa mwezi, tarehe 6, 16 na 26. Hilo ni jema, nimelishangilia. Lakini chini yake: garimoshi la barua litaondoka Colón saa kumi na mbili asubuhi kila mara, litafika Panama saa nne, na meli ya kusini itang'oa nanga saa sita mchana. Kila mara! Hakuna kungoja. Boti iliyogusa ubavu wa meli kabla ya saa sita inahesabiwa, nyingine hapana.

Imechapishwa vizuri kweli, mistari myekundu, pembeni maua. Hakuna neno moja juu ya maji.

15 Septemba

Nilimwandikia waraka wa kurasa tatu. Jibu lake limekuja kwa waya, na Crosbie ameligonga polepole kama mtu anayetembea kwenye miba: "Meli kubwa haikwami kwa sababu ya mwezi. Mume wako alikuwa na tabia ya kubadili saa kila wiki, na wafanyabiashara wamechoka. Ratiba ni ratiba."

Kisha Crosbie akaongeza lake: "Mama, nimejaribu kumweleza. Akanipeleka dirishani, akanionyesha bahari. Akasema, iko pale pale."

Bahari ya Colón! Akamwonyesha bahari ya Colón!

6 Oktoba

Ratiba mpya imeanza. Garimoshi saa nne kamili, na maji yalikuwa karibu kujaa. Meli imeondoka saa sita. Hakuna tatizo hata moja. Nimenuna siku nzima.

16 Oktoba

Maji mafu. Tena hakuna tatizo. Meli imeondoka kabla ya saa sita kwa dakika tano, na Haldane ametuma waya: "Naona bahari imetii." Eustaquio amecheka mpaka akakohoa.

"Doña Genoveva, labda Mskoti ana dawa."

"Dawa yake iko kwenye kitabu cha mwezi, na wewe mzee mzima unajua."

Lakini nitasema kweli humu: nilipomwambia hivyo sauti yangu haikuwa na nguvu. Mara mbili amepata yeye, mimi nimekosa. Nimejiona mpumbavu.

17 Oktoba

Nimekaa na kitabu cha mwezi. Tarehe 25 mwezi mpevu. Tarehe 26 ni bamvua yenyewe, na maji yatapwa kabisa saa nne asubuhi. Saa nne! Garimoshi litashusha barua mbele ya tope. Mashua hazitaelea mpaka saa saba, na saa sita meli imekwenda. Sikukosa mimi. Heri ningekosa.

Nimegonga waya. Nimeomba garimoshi moja tu libadilishwe, hilo moja. Jibu: "Ratiba imekwisha kuchapishwa London. Nitakuja mwenyewe tarehe 26 kuona kama tatizo ni bahari au ni wakala."

Kwa hiyo London imechapisha, na bahari itii.

20 Oktoba

Siku tatu sili vizuri. Nimemwendea nahodha wa meli, kijana mwema. Akasema amri yake ni saa sita, akichelewa anaitwa mbele ya wakuu wake. Nimemwendea Eustaquio. Akasema mashua zinaweza kutoka alfajiri kabla maji hayajapwa, zikangoje huko nje ukingoni mwa mwamba, penye kina. "Lakini mifuko itafikaje ukingoni, doña? Itaruka?" Wachukuzi wa stesheni nao wameapa hawaingii topeni, mwaka juzi mwenzao alizama mpaka kifuani.

Leo asubuhi nilikuwa nimesimama gatini natazama tope, nimekata tamaa kabisa. Ndipo nikawaona. Wanawake wa chaza wanarudi, mstari mrefu, makapu kichwani, yamejaa, wanaongea na kucheka. Wanatoka ukingoni mwa mwamba! Wanapita njia wanayoijua wao, wala hawatazami chini. Mbele kabisa Sinforosa.

Nimepiga kelele peke yangu. Halafu nikakumbuka nani nitakwenda kumwomba.

21 Oktoba

Nimekwenda kwake. Alikuwa anafungua chaza kwa kisu, hakuinua uso.

"Karibu, bibi wa stesheni. Angalia harufu."

"Ña Sinforosa, nimekosa. Ile siku nilikukosea."

"Endelea."

"Nilikuwa na kiburi."

"Endelea, nasikia vizuri."

"Basi jamani, unataka nipige magoti?"

Akanitazama, akaangua kicheko. Nikamweleza yote: meli, Haldane, karani wa Colón, jina langu. Akaweka kisu chini.

"Mifuko mingapi?"

"Tisini na sita, Crosbie amepata hesabu kutoka Jamaika."

"Tuko wanawake arobaini na wanane. Kila mmoja safari mbili." Akaendelea kufungua chaza. "Tunataka baraza letu."

"Mmelipata."

"Na benchi."

"Na benchi, na mimi mwenyewe nitalifuta vumbi!"

Tumepeana mikono, wake una magamba ya chaza. Huyu mwanamke nilimwita mwenye kiburi! Ana akili kuliko ofisi nzima ya Colón.

24 Oktoba

Tumefanya mazoezi kwa magunia ya mchanga. Kutoka gatini mpaka ukingoni dakika ishirini. Mimi pia nimekwenda, miguu mitupu, sketi nimeifunga kiunoni, nikaanguka mara mbili. Wanawake wamenicheka vibaya. Njia yao ni ya mwamba, imejipinda kama utumbo, na ukitoka hatua tatu nje yake unazama. Sinforosa ananiambia: "Usifuate macho. Fuata mgongo wa aliye mbele."

25 Oktoba

Kesho. Nimeweka nadhiri kwa watakatifu watatu, kila mmoja yake, ili wasitupiane kazi.

26 Oktoba

Naandika jioni hii hii, nywele bado zina chumvi, na nitaandika yote.

Saa kumi na moja alfajiri Eustaquio alitoa mashua nne, zikaenda kungoja ukingoni. Saa tatu bahari ilikuwa imekwisha kuondoka. Saa nne wanawake arobaini na wanane wamepanga mstari gatini, nguo zimefungwa, ngata kichwani. Garimoshi hakuna. Nikakimbilia waya. Crosbie: "Udongo umeanguka relini Matachín. Wanaufukua. Bwana Haldane mwenyewe ameshika koleo." Sikuamini nilichosoma.

Saa nne na dakika ishirini. Maji yamegeuka, yanaanza kurudi. Sinforosa anakaza ngata yake. Saa nne na nusu na dakika tano, filimbi!

Haldane akashuka wa kwanza, koti limejaa udongo, buti zake ndefu hazing'ai tena. Akaenda mpaka mwisho wa gati, akasimama. Mbele yake tope, mwamba, ndege wanatembea, na meli kule mbali kabisa.

"Bahari iko wapi?" akauliza.

Mungu nisamehe, nilikuwa nimeingojea saa hiyo mwezi na nusu. "Imetoka, Bwana. Itarudi saa saba."

Sikuwa na nafasi ya kumwangalia. "Haya wanangu!" nikapiga kelele, na Sinforosa akapaza sauti yake, na mifuko ikapanda vichwani. Arobaini na minane kwa mara moja! Mstari ukatoka gatini ukaingia baharini pasipo na bahari. Watu wa mji wamejaa ukutani juu, wanapiga vigelegele, wengine wanawekeana dau nani ataanguka. Hakuna aliyeanguka. Saa tano mashua mbili za kwanza zimejaa, zikaanza kupiga makasia. Wanawake wakarudi mbio. Mbio, nasema, juu ya mwamba wenye utelezi, mwanamke mmoja ana mimba ya miezi sita na alinipita!

Safari ya pili maji yalikuwa kwenye vifundo, tulipofika katikati yakawa magotini. Mimi na Sinforosa tulikuwa wa mwisho, yeye na mfuko wa tisini na sita kichwani, wa Paita. Wengine wote wamekwisha kufika ukingoni wanapakia. Ndipo nikasikia mtu anaita.

Haldane. Alikuwa ametufuata nyuma akihesabu mifuko kidole kwa kidole, kisha akaona njia yetu imejipinda, na yeye ni mtu wa mstari ulionyooka. Akakata moja kwa moja kuelekea mashua. Sasa yuko hatua sita kutoka mwambani, amezama mpaka mapajani, na maji yanampanda tumboni.

"Msisimame!" anatupigia kelele. "Pelekeni mfuko! Mfuko kwanza!"

"Mwendawazimu huyu," Sinforosa akasema. "Dakika kumi tu, maji yako kichwani mwake."

Tukamwendea tukipapasa kwa miguu, tukafika jiwe la mwisho. Mtu mmoja hawezi kumvuta, tope la pale linanyonya, lazima wawili, mikono minne. Na mfuko utawekwa wapi? Pande zote maji.

"Nipe mimi," akasema Haldane, akauchukua, akauweka juu ya kichwa chake mwenyewe, akaukumbatia kwa mikono miwili. Tukamshika koti, tukavuta. Koti likapasuka.

"Lete mikono!" nikamwambia.

"Mfuko utaanguka."

"Mikono, Bwana!"

"Bibi, unajua nilichosema. Mfuko mmoja." Midomo yake ilikuwa myeupe, maji yamefika kifuani, na alikuwa ananikumbusha sheria! Na nilijua, nani asiyejua? Miezi sita nimelala na hilo neno na kuamka nalo.

Nikaupiga mfuko ule kofi. Nikaupiga kwa nguvu zangu zote, ukaruka kutoka kichwani mwake ukaangukia kwenye mkondo, nami nikamshika mkono mmoja na Sinforosa mwingine. Tukavuta huku Sinforosa anamtukana kwa maneno ambayo sitayaandika. Tope likamwachia ghafla, likabaki na buti zake zote mbili. Tukaanguka wote watatu juu ya jiwe. Mfuko nilipoutazama ulikuwa umekwenda mbali, kisha sikuuona tena.

Eustaquio akaleta mashua ya mwisho karibu, tukapanda, makasia yakapigwa kama watu wanaokimbia moto. Tuligusa ubavu wa meli kengele ya saa sita inagongwa. Inagongwa, haijamaliza! Wanawake, ambao mashua za kwanza zilikuwa zimerudi kuwachukua ukingoni, wakapiga vigelegele vilivyosikika mpaka kwetu. Nahodha akahesabu, akatia sahihi: mifuko tisini na mitano.

Haldane aliomba ile karatasi. Alikaa ndani ya mashua, soksi zimejaa tope, akaisoma muda mrefu, akaitia mfukoni. Amerudi Colón na garimoshi la saa tisa.

27 Oktoba

Leo nimemwandikia mkuu wa posta wa Paita. Nimeandika: mfuko wenu haukuanguka kwa bahati mbaya, niliupiga kwa mkono wangu kumtoa mtu majini, na jina langu ni hili. Nililia kidogo. Kuna watu Paita walikuwa wanangoja, na hawatapata kitu.

Lakini nisingefanya vingine. Na jambo moja linanisumbua: yule mtu niliyemwandika humu kuwa hajui kucheka alishika koleo Matachín, na kifo kikiwa kifuani mwake alisema mfuko kwanza. Ni mbishi, hajui bahari, lakini ni mtu wa barua kweli kweli. Sikupenda kuligundua hilo.

6 Novemba

Barua zimekwenda. Maji mazuri. Colón kimya. Namuuliza Crosbie, ananijibu: "Amejifungia ofisini, mama. Anaandika na kuchana."

Wanawake wa chaza wako barazani. Benchi nimelifuta vumbi.

16 Novemba

Barua zimekwenda. Crosbie amegonga jambo ambalo hakutaka kuligonga, nimelivuta kwake kwa nguvu: yule karani aliyeahidiwa nafasi yangu amenunua sanduku la safari. Basi. Nimeanza kupanga vitabu ili mtu mwingine avikute vizuri. Sinforosa amenikuta ninafunga funguo kwenye kitambaa.

"Unafanya nini?"

"Mfuko mmoja, ña Sinforosa. Alisema mfuko mmoja."

"Mlete tumrudishe topeni," akasema, na hakuwa anatania. Nikacheka mpaka machozi yakanitoka, kisha yakaendelea kunitoka.

20 Novemba

Saa mbili asubuhi. Nilikuwa nafagia. Waya ukaanza kugonga, na mkono haukuwa wa Crosbie, ulikuwa mkono mzito wa mtu anayebabaisha herufi moja moja. Nikakaa, nikaandika:

"Kwa Wakala wa Barua, Panama. Garimoshi la tarehe 26 litoke saa ngapi? Haldane."

Nikasoma. Nikasoma tena: Wakala. Nikatoka nje barazani nimeshika karatasi, Sinforosa akainuka, "Kuna nini, nani amekufa?" na mimi nampa tu karatasi, na yeye hajui kusoma! Nikarudi ndani mbio. Kitabu cha mwezi kilikuwa kimekwisha kufungwa kwenye kifurushi, nikakata kamba kwa meno. Tarehe 26, siku tatu baada ya mwezi mpevu: maji yatapwa saa tano, mashua zitaelea saa nane.

"Litoke saa nne asubuhi," nikagonga. "Na meli ingoje mpaka saa kumi na moja jioni."

Kisha mkono ule mwepesi wa Crosbie:

"Mama, yuko hapa. Ameinuka, ameandika saa nne ubaoni kwa mkono wake. Karani anakwenda Jamaika kuoa, ndiyo safari yake. Bwana anauliza, na Desemba?"

"Mwambie asubiri," nikajibu, "nitampa mwaka mzima."

Nje wanapiga vigelegele, Sinforosa amewaambia jambo, sijui ameelewa nini. Nitatoka baadaye. Desemba tayari; nimetia wino tena, nimeanza na Januari.